Watu wa Harub

Rahila binti Masoud alikuwa na hasira za karibu, na mwenyewe wala hakulikana hilo. Wenziwe katika masijala ya wizara moja pale Al Khuwair, Maskati, wakimwona anavua miwani tu, kila mtu hujitafutia kazi ya kufanya. Miaka kumi na minane alikuwa akipokea mafaili, akiyatia muhuri, akiyapandisha kwa wakubwa na kuyarejesha, na kitu kilichokuwa kikimkera kuliko vyote ni barua iliyoandikwa ovyo. "Hilo neno unaloliandika hapo," akiwaambia wasichana wapya, "kuna mtu ataumia kwa sababu yake. Andika ukijua." Wasichana wakichekea mikononi, wakisema Bi Rahila anaiogopa karatasi kuliko anavyomwogopa simba.

Hakuwa akiogopa karatasi. Alikuwa na ndugu mgonjwa.

Ndugu mwenyewe ni Harub, kitinda mimba wao. Walikuwa watatu: Sleiman mkubwa, Rahila wa kati, na Harub, ambaye waliletwa naye Maskati kutoka Unguja akiwa bado anabebwa. Baba yao alikwishafariki zamani. Mama yao, Bi Khole, alibaki na Kiswahili chake cha Unguja mjini kama alivyokuja nacho; Kiarabu alikijua cha sala na cha kununulia samaki. Harub alikuwa fundi wa umeme wa magari, na fundi kweli, si wa kubahatisha. Watu walikuwa wakileta gari zao Ghala, mtaa wa magereji, wanazipita gereji ishirini, wanamtafuta yeye. Alikuwa akiisikiliza gari kwa sikio kabla hajafungua boneti, akisema, "Huu waya wa dinamo," na kweli ni waya wa dinamo.

Mwaka wa tisiini na nne akaanza kusikia vitu vyengine. Redio za gari zikawa zinamtaja jina. Mwanzo alicheka, akidhani mafundi wenziwe wanamfanyia maskhara. Halafu akawa anazing'oa. Mara hali, mara haogi, mara anazungumza na ukuta, anaujibu, anauomba radhi. Bi Khole akatoa hukumu yake siku ile ile: "Mwanangu ana watu."

Kwa asiyelelewa na mama wa Kiunguja, aelewe vizuri. Wanawake hawa hawasemi "pepo" wala "shetani" kwa mdomo wazi, hasa mbele ya mgonjwa, maana wanachelea wenyewe watasikia na watakasirika. Wanasema fulani "ana watu", "watu wake wamekuja", "watu wake wanataka ubani". Watu hao hawana kitambulisho wala hawalipi kodi ya nyumba, lakini nyumba nzima inakwenda kwa amri zao.

Basi miaka tisa ikapita wanatibiwa watu, Harub hatibiwi. Akasomewa na mwalimu mmoja huko Sidab, akafukizwa, akanyweshwa kombe, yale maandishi ya zafarani yaliyokoshwa kwa maji. Alikuwa na miezi ya nafuu na miezi ya balaa. Rahila ndiye aliyekuwa akimwendesha kila Alkhamisi kwenda huko, akamngoja garini, jua linamchoma, moyo unamchoma zaidi. Sleiman, naibu mkurugenzi wa idara, mwenye kadi za jina kwa herufi za dhahabu, kazi yake katika maradhi hayo ilikuwa moja tu: kuuliza kama kuna mtu aliyewaona.

Mei ya mwaka elfu mbili na tatu, Harub aliingia gereji ya jirani, akakata nyaya za gari saba. Mwenye gereji alipomkamata shati, akapiga spana kioo cha mbele cha gari ya mteja, na vigae vikamchana yule bwana shavu. Polisi wakaja. Harub akawekwa mahabusu, huko nako akagombana na taa.

Kesi ikaangukia kwa hakimu mmoja mwenye desturi yake mwenyewe. Hakimu yule hakupenda kumtupa mgonjwa jela. Akiona mtu kavunja sheria kwa maradhi ya akili, huisimamisha kesi mwaka mzima na kumwamuru aende hospitali. Adungwe sindano yake kila mwezi, na kila mwezi arejee mbele yake, yeye na daktari wake na jamaa yake mmoja, aulizwe khabari zake kama mtu anavyoulizwa. Mwaka ukipita salama, kesi inafungwa. Rahila alielezwa haya na karani siku ya kwanza. Akakaa kitako ukumbini, mbele ya watu, akalia kwa furaha, yeye asiyelia hata misibani.

"Mama, Harub atapona," akamwambia Bi Khole.

"Inshallah, watu wake wakiridhia," Bi Khole akajibu.

Siku ya kusikilizwa, wanawake walikaa nyuma, chini ya mashine ya baridi iliyokuwa ikinguruma kama lori. Bi Khole akaitwa mbele, akawekewa mkalimani, Bwana Jaifar. Jaifar ni Mwomani kama wao, ila wazee wake walitokea Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko bara, kimenyooka, kila neno na maana yake moja. Kutoka nyuma Rahila hakuambulia kitu. Alimwona mama yake anapunga mikono, Jaifar anatafsiri, hakimu anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Alimwona Sleiman anasimamishwa, anaulizwa jambo, anaweka mkono kifuani na kujibu neno moja. Kisha hakimu akaandika, na Harub akakabidhiwa kwa Sleiman kwa ahadi ya maandishi. Khabari ya hospitali haikutajwa tena.

"Imekuwaje?" Rahila akamdaka kaka yake kwenye ngazi. "Karani kanambia atapelekwa akatibiwe!"

"Hakimu kaona tunatosha," Sleiman akasema. "Mshukuru Mungu. We kila jambo unataka ugomvi."

Sasa sikiliza walivyotosha. Uani kwao palikuwa na chumba kidogo cha mfanyakazi. Sleiman akaenda kukitengenezea mlango wa chuma, komeo liko nje. Na akautengenezea wapi? Ghala! Ghala ile ile ambako ndugu yake alikuwa fundi wa mafundi! Juni ya Maskati, ukuta ukiugusa unaunguza, na mle ndani pana feni moja inayoupepea moto. Harub akakonda, kucha zikarefuka, akawa anaugonga mlango kwa paji la uso, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Bi Khole akiweka kiti chake nje ya mlango, na chetezo, akiwasihi watu wampumzishe mwanawe. "Ni muda tu," Sleiman akisema. "Mpaka Taghreed aolewe." Taghreed ni binti yake, na wachumba walikuwa wa ukoo mkubwa, wakitarajiwa wakati wowote.

Rahila alikwenda hospitali mara mbili. Wakamwambia mlete mgonjwa, au lete amri ya mahakama. Amlete vipi? Ufunguo uko mfukoni mwa Sleiman, na kwa karatasi ya serikali mlezi ni Sleiman.

Mwezi wa Julai, Sleiman mwenyewe akampa bahasha. "Nitolee nakala mbili huko kwenu, polisi wanataka moja. Usianze kusoma." Ebo! Unampa mkuu wa masijala bahasha halafu unamwambia asisome. Rahila alianza kuisoma kabla mashine ya nakala haijapata moto.

Kwa Kiarabu safi cha mahakama ilikuwa imeandikwa hivi: *Mama wa mshtakiwa alipoulizwa nani anamtunza mwanawe, alijibu kwamba ana watu wake. Alisema wanakula naye, wanalala naye, hawamwachi hata dakika moja, na kwamba wako naye tangu mwaka 1994. Kaka wa mshtakiwa aliulizwa kama ni kweli, akathibitisha. Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa amezungukwa na jamaa wanaomtunza, na haioni haja ya amri ya matibabu.*

Rahila akavua miwani. Mwanzo alicheka, wallahi alicheka, wasichana wakageuka kumtazama. Kisha akaisoma tena. Mashetani wameandikwa jamaa! Mahakama imemkabidhi mgonjwa kwa mashetani yake mwenyewe, kwa sahihi na muhuri, na juu yake imewasifu kwa malezi mema!

Kosa la Jaifar aliliona lilivyotokea. Mtu wa Tabora akisikia "ana watu wake" anaelewa watu. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Mama naye alisema kweli yake kama anavyoijua. Lakini lile neno "akathibitisha" Rahila hakupata kulimeza. Sleiman hakuzaliwa Tabora. Sleiman alilelewa na mama yule yule, kwa maneno yale yale, na alikuwa amesimama mbele, si nyuma chini ya mashine.

Ofisi ya Sleiman ilikuwa jengo la tatu kutoka la kwake. Rahila alikwenda kwa miguu, saa sita ya mchana, bila mwavuli, akaingia bila kumsalimu katibu.

"Kaka, mama akisema mtu ana watu, ana nini?"

Sleiman akaitazama ile karatasi mkononi mwake. "Rahila, hapa ni ofisini kwangu."

"Najua, nnaweza kusoma kibao mlangoni. Ulimsikia Jaifar anavyotafsiri?"

"Nilimsikia."

"Ukasema naam."

"Ulitaka nseme nini?" Sauti ikamshuka. "Nsimame mbele ya kadamnasi nseme ndugu yangu mwendawazimu? Iandikwe, ipigwe muhuri, wachumba wa Taghreed waisome? Hakimu kauliza ana watu, nkasema anao. Sikusema uongo."

"Hukusema uongo!" Rahila alipiga kelele hata katibu akachungulia. "Umemfungia mwana wa mamako kama mbuzi anayengoja Idi, halafu unanambia hukusema uongo! Basi na mie sitasema uongo. Ntakwenda kwa hakimu nseme kweli, na hao wachumba wako ukitaka ntawaalika waje kusikiliza."

"Utatuvunjia stara zetu."

"Stara gani, Kaka? Mtu anabisha hodi kwa kichwa chake siku ya arubaini hii, hakuna anayemfungulia. Hiyo ndiyo stara?"

Akatoka. Kesho yake alimngojea Jaifar kwenye ukumbi wa mahakama tangu milango haijafunguliwa. Jaifar alikuwa mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi ikasimama, na alijivunia kazi yake. Miaka kumi alikuwa hajawahi kulalamikiwa. Rahila akajitambulisha, kisha akamuuliza bila kupaka mafuta.

"Bwana Jaifar, kwenu mtu akipandwa na shetani mnasemaje?"

Jaifar akashangaa. "Tunasema ana mapepo. Kwa nini, dada yangu?"

"Sisi tunasema ana watu."

Jaifar alisimama, midomo inacheza, anayarudia maneno ya Bi Khole moja moja. Wanakula naye. Wanalala naye. Uso ukamsawijika. "La ilaha illa Llah," akasema. "Na mgonjwa yuko wapi sasa?"

"Kafungiwa uani na komeo."

Mkalimani mwengine angejitetea. Angesema Kiswahili cha Unguja si lugha, ni mafumbo, na mama mwenyewe angesema wazi. Jaifar aliingia ndani, akaomba karatasi, akamwandikia hakimu kwa mkono wake kwamba amekosea tafsiri na kosa ni lake. Rahila alimtazama anavyotia sahihi, akamkumbuka kaka yake na kadi zake za dhahabu, na hasira zikampanda upya.

Hakimu akawaita wote mwisho wa Agosti. Jaifar akasimama, akaeleza neno kwa neno maana ya "watu". Hakimu hakutabasamu safari hii. Alimtazama Sleiman kwa muda mrefu, akamuuliza, "Wewe unakijua Kiswahili cha mama yako?" Sleiman akasema anakijua. "Basi kaa chini," hakimu akasema, na hakumuuliza jengine siku nzima. Akamwita Rahila mbele.

"Ndugu yako anaumwa nini?"

Sleiman alikuwa akimtazama, Bi Khole alikuwa akimtazama, na katika viti vya wanaume palikuwa na watu wengi wasiowahusu. "Anaumwa akili, Fadhilatu Sheikh," Rahila akasema kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma chini ya mashine. "Ni maradhi. Nataka atibiwe."

"Miaka tisa," hakimu akasema. "Kwa nini hamkumpeleka hospitali tangu mwanzo?"

"Hatukujua," Rahila akajibu.

Uongo huo. Ulimtoka upesi, mwepesi, na karani akauandika. Mwaka wa tisiini na tano Rahila alimpeleka Harub zahanati kwa homa, na daktari mmoja kijana, Balqees, akamzungumzisha nusu saa, kisha akamwita Rahila pembeni. Akamwambia maradhi haya yana jina na yana dawa, ipo sindano ya kila mwezi, na akampa barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Bi Khole aliposikia alijitupa chini akalia kwamba sindano itawaudhi watu na watamuua mwanawe. Sleiman akasema jina lao halitaandikwa kwenye daftari la wendawazimu. Na Rahila, Rahila mkali huyu, asiyepoteza barua hata ya mfagiaji, aliiacha ile barua mkobani mwake mpaka maandishi yakafutika kwenye mikunjo. Alichoka kugombana nao. Jamaa wakiuliza, Sleiman akiwajibu kwamba Harub mwenyewe hataki hospitali, wameshamsihi mpaka basi. Na Rahila akimsikia, akinyamaza.

Hakimu akatoa amri. Ulezi ukahamishwa kwa Rahila, Harub akalazwa wiki tatu, kisha akarejeshwa nyumbani, sindano kila mwezi na mahakamani kila mwezi. Rahila alimwita fundi akaung'oa mlango wa chuma, akausimamia mpaka ukapakiwa kwenye gari. Wachumba wa Taghreed walisikia kila kitu, kama walivyokuwa watasikia tu, na arusi ikafanyika vile vile, biriani ikaliwa ikabaki. Kumbe yote yale, chuma kile, joto lile, yalikuwa kwa ajili ya watu ambao hawakujali. Rahila alikula sahani mbili kwa hasira.

Dawa haikuwa muujiza. Harub alinenepa, mikono ikawa inamtetemeka, akawa analala kama mtoto mchanga. Lakini baada ya sindano ya tatu alikaa mezani akala na wenzake. Baada ya sindano ya nne akaomba redio izimwe, akaulizwa kwa nini, akasema, "Inapiga kelele tu," na Rahila akaenda jikoni akajifungia. Mwezi wa Januari alimtengenezea jirani taa za gari. Bi Khole alisema watu wamehama, na hakuna aliyembishia.

Kikao cha Februari, hakimu alimaliza kusoma ripoti ya daktari, akamuuliza Harub kama kawaida yake, "Una la kusema?" Siku zote Harub hujibu alhamdulillahi akakaa. Siku ile alibaki kasimama.

"Nna suali," akasema. "Si kwako, Fadhilatu Sheikh. Kwa jamaa zangu." Akageuka, akasema kwa Kiswahili, na hakimu akamwashiria Jaifar atafsiri. "Daktari kanambia sindano hii ipo tangu mie sijazaliwa. Miaka tisa nimekuwa vile. Mlikuwa mnajua?"

Sleiman akaanza kuvitazama viatu vyake. Bi Khole akavuta buibui mdomoni. Rahila aliliona faili mbele ya karani, na alijua ndani yake kuna ukurasa umeandikwa hatukujua, kwa jina lake. Alikuwa akiweza kulisema tena lile neno, na hakuna ambaye angempinga.

"Tulijua," akasema. "Daktari alinambia mie mwaka wa tisiini na tano, akanipa barua. Sikukupeleka. Na hapa mbele ya hakimu nikasema uongo."

Jaifar akatafsiri polepole, hakuacha kitu. Karani akaandika.

Harub alimtazama dada yake, akamtazama kaka yake. "Kila nikiuliza, Kaka Sleiman alikuwa akinambia nilikataa mwenyewe," akasema. "Nami sikuwa nikikumbuka. Miaka yote hii nlidhani ni mimi niliyekataa."

Jaifar aliyatafsiri na hayo. Hakimu akapanga tarehe ya mwezi wa tatu.